Ujumbe wa Mkufunzi kwa Mwanachuo Uandikwe Mezani

Mwanachuo anapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi humtembelea mara chache tu. Baina ya ziara moja na nyingine, kinachowaunganisha ni simu. Wako wanachuo wenye simu ndogo za vibonyezo, na ziko shule ambako intaneti haishiki. Lakini ujumbe mfupi wa maandishi huwafikia wote. Hoja ya makala haya ni kwamba ujumbe huo ni sehemu ya ufundishaji. Kwa hiyo ufaa kuandikwa na kupokewa kwenye kompyuta ya mezani, kwa utulivu ule ule tunaousahihishia andalio la somo.

Jambo hili si geni. Ujumbe mfupi wa kwanza, uliopelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulitoka katika kompyuta. Mhandisi Neil Papworth aliandika salamu ya Krismasi, nayo ikapokewa na Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Simu ya Jarvis haikuwa na njia ya kujibu. Tukio hilo lina funzo kwetu: ujumbe usio na jibu ni tangazo tu, na ualimu haufanywi kwa matangazo.

Njia za kufanya kazi hii ziko mbili. Ya kwanza ni kuunganisha kompyuta na simu ya mkufunzi kwa programu kama Google Messages. Ujumbe huandikwa kwenye kompyuta, lakini hutoka kwa namba na gharama ya simu yake, ambayo sharti iwe imewashwa. Njia hii huhitaji intaneti kwa upande wa mkufunzi, mwanachuo haihitaji. Ya pili ni kuchomeka modemu yenye laini ya simu kwenye kompyuta. Programu ya FrontlineSMS, aliyoianzisha Ken Banks mwaka 2005, ilionyesha kwamba kwa njia hiyo kompyuta huweza kupeleka na kupokea ujumbe pasipo intaneti kabisa.

Faida ya kwanza ni ya lugha. Anayebonyeza simu kwa kidole gumba, huku akisubiri basi, hukata maneno: “xomo zuri ila mda hautoxi.” Mwanachuo hawezi kujua muda ulipotelea wapi. Mezani, mkufunzi huweza kuandika hivi: “Sehemu ya utangulizi ilichukua dakika 15 kati ya 40. Kesho anza na swali moja tu, kisha wape wanafunzi kazi ya vikundi. Niandikie matokeo yake.” Hizo ni herufi 143 pamoja na nafasi, nazo zinaenea katika ujumbe mmoja wa herufi 160. Aidha, mwalimu mtarajiwa hujifunza kuandika kwa kuona jinsi mkufunzi wake anavyoandika.

Faida ya pili ni kumbukumbu. Maoni na majibu yakipangwa kwenye kompyuta, mkufunzi huona kabla ya ziara kwamba mwanachuo fulani ameelezwa jambo lile lile mara tatu. Hapo atafahamu kwamba pengine kasoro imo katika maelezo yenyewe.

Faida ya tatu ni majibu. Mwaka 2009 na 2010 mradi wa SMS for Life ulijaribiwa nchini Tanzania katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki vituo vya tiba viliulizwa kwa ujumbe mfupi akiba ya dawa za malaria, na majibu yakakusanywa kwa kompyuta ili viongozi wa wilaya wayaone. Katika majuma 21, vituo vilivyopungukiwa na aina moja au zaidi ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Swali fupi, lenye siku yake na mtu wa kulisoma jibu, lilileta badiliko. Nasi tunaweza kuuliza kila Ijumaa: “Ni kipi wanafunzi hawakukielewa wiki hii?”

Yapo ya kuangalia. Maneno kama “ng'ombe” yakinakiliwa kutoka programu ya kuandikia yenye ritifaa iliyopinda, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Gharama nayo hupanda. Ritifaa iliyonyooka haina tatizo hilo. Jambo kubwa zaidi ni siri. Kompyuta ya ofisi hutumiwa na wengi, na udhaifu wa mwanachuo si habari ya kusomwa na kila apitaye. Mkufunzi afunge programu kila amalizapo.

Watakuwapo watakaosema kwamba kazi hii inaongeza mzigo. Ni kweli, inataka nusu saa ya kukaa kitini. Lakini mwanachuo aliye peke yake mbele ya darasa kubwa huamua kesho afanye nini kwa kutegemea maneno machache tunayompelekea leo. Vyuo vitenge basi kompyuta moja, laini moja na saa maalumu ya kazi hiyo katika kila kipindi cha mazoezi, na gharama yake iingizwe katika bajeti ya mazoezi kama inavyoingizwa nauli ya ukaguzi.