Usalama wa nani Ruvuma?

Ndugu Waislamu, wengi wanaoswali Msimbati, Kilambo na Kitaya wana jamaa ng'ambo ya mto. Ruvuma ni mpaka wa serikali mbili, lakini haukukata udugu wa watu wake. Ndiyo maana sera ya Marekani juu ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, si habari ya mbali kwetu.

Ikumbukwe kuwa mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto, wakaua watu na kuchoma nyumba kijijini Kitaya. Tunasema bila kigugumizi: kuua wasio na hatia ni haramu, na anayeua kwa jina la Uislamu anaudhulumu Uislamu.

Machi 10, 2021 Marekani ililitia kundi hilo katika orodha yake ya magaidi. Mwezi huo huo ikatangaza kuwa askari wake wa kikosi maalumu wanawafundisha wanamaji wa Msumbiji. Machi 24 mji wa Palma ukavamiwa. Orodha haikuwalinda watu wa Palma.

Marekani yenyewe ilikiri kuwa silaha peke yake hazitoshi. Kwa kufuata sheria yake ya mwaka 2019, mwaka 2022 iliitaja Msumbiji miongoni mwa nchi za kusaidiwa kwa miaka kumi, ili vyanzo vya migogoro viondolewe mapema. Kauli hiyo ilikuwa njema. Lakini kulikoni? Machi 2025 benki ya serikali ya Marekani iliidhinisha upya mkopo wa dola bilioni 4.7 kwa mradi wa gesi wa Afungi, jirani na Palma. Julai mwaka huo huo USAID, shirika lake la misaada, likafungwa. Gesi ikapata mdhamini; aliyekimbia makazi yake akapoteza wake.

Hata hivyo, tusiinyooshee kidole Marekani peke yake. Mwaka 2021 UNHCR ilieleza kuwa maelfu ya waliovuka Ruvuma kutafuta hifadhi Tanzania walirudishwa Msumbiji. Na sisi wa Mtwara tunajua gesi inavyoweza kuzaa uchungu: ghasia za mwaka 2013 zilitokana na wananchi kuona utajiri wa kwao unapelekwa Dar es Salaam nao wakibaki watazamaji.

Msimamo wetu ni huu. Usalama unaolinda visima na kuwasahau wenye ardhi hautadumu. Maimamu wawafundishe vijana dini kwa uwazi, na wazee wasinyamaze waonapo kijana anashawishiwa kuvuka mto kwenda kuua. Vyombo vya dola navyo vitangulize ushahidi, visimfanye kila mvaa kanzu kuwa mtuhumiwa. Na anayevuka mto akikimbia kifo apokewe, kwani ana haki ya ujirani juu yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuisimamia haki, hata pale inapotugeukia wenyewe. Amin.