Tusimuue mgonjwa wa kisukari kwa fatwa za barazani



Ndugu Waislamu, katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (RA) habari ya kundi la watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba akiwa usingizini. Akawauliza wenzake iwapo wanaona kuwa ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamuonei ruhusa maadamu anaweza kutumia maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) aliwalaumu vikali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza ikiwa walikuwa hawajui.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kila Ramadhani kinarudiwa majumbani mwetu, ila jeraha la safari hii halionekani. Mwenye kisukari hana kitambaa kichwani. Anatembea, anazungumza, anakwenda sokoni, na kwa macho ya jirani ni mtu mwenye afya yake. Basi akionekana akinywa maji saa saba mchana, minong'ono huanza. Mbona fulani naye ana sukari na anafunga? Mbona bibi yetu ana miaka 70 na hajaacha hata siku moja? Wengi wa watoa fatwa hawa wa barazani wana nia njema, kama walivyokuwa nayo wale wasafiri. Nia njema haikumrudishia uhai yule mtu.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 katika jarida la kitabibu la The Lancet uliwakuta wenye kisukari wakiwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban watu 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na sukari iliyozidi kiwango. Namna za kupima hazikufanana, na ule wa kwanza haukugusa mijini, lakini hata tukipunguza kwa sababu hizo tofauti inabaki kubwa. Ni nadra leo kupata ukoo wa mjini usio na mtu anayemeza vidonge vya sukari au kujidunga sindano.

Na watu hawa wanafunga. Utafiti uitwao EPIDIAR, uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004, uliwahusu wagonjwa 12,243. Katika wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi na aghalabu huanza ukubwani, watu 79 kati ya 100 walifunga siku zisizopungua 15. Hata wenye aina ya kwanza, ambao hawawezi kuishi bila ya insulini, 43 kati ya 100 walifunga. Matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka katika Ramadhani mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Imani ya watu hawa inatupa faraja. Idadi ya waliozimia inatutia huzuni, kwa kuwa wengi wao walikuwa na ruhusa mikononi mwao.

Kwa nini basi fulani anafunga salama na mwenzake anaanguka? Jibu liko katika dawa na katika hali ya mwili, na hapa ndipo jirani asipoweza kuona. Mtu mzima wa afya akifunga, kongosho lake hupunguza insulini lenyewe, na ini humwaga damuni sukari lililoiweka akiba. Mizani inakaa sawa mpaka magharibi. Mgonjwa anayemeza glibenklamidi hana mizani hiyo, kwani kidonge kinalisukuma kongosho litoe insulini, awe amekula au hakula. Mwenye kujidunga insulini ni hivyo hivyo. Sindano haijui kama tuko Ramadhani. Lakini anayetumia metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka kwa hatari, kwa sababu dawa hiyo hailisukumi kongosho. Wagonjwa wawili wanaweza kuketi jamvi moja, wote wakaitwa "wenye sukari", mmoja akafunga mwezi mzima bila ya tabu na mwingine akachukuliwa na gari la wagonjwa kabla ya adhana.

Saa za hatari zaidi ni zile za alasiri. Huku kwetu karibu na Ikweta funga hukaribia saa 13 na nusu, kiangazi na masika. Ifikapo saa kumi au kumi na moja jioni akiba ya ini imepungua, nao mgonjwa husema: imebaki saa moja tu, nitavumilia. Jasho linamtoka bila ya joto, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, kisha maneno yanaanza kupotea na anajibu asichoulizwa. Watoto wanadhani ni hasira za njaa. Mwongozo wa pamoja wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na jumuiya ya madaktari iitwayo DAR, uliotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2021, unataka afungue mara moja mtu ambaye sukari yake imeshuka chini ya 3.9 katika mashine zinazohesabu kwa milimoli (yaani 70 kwa zile zinazohesabu kwa miligramu), au imepanda juu ya 16.6 (yaani 300). Dalili zikimjia naye hana mashine, afungue vilevile. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji vinatosha kuanzia, kisha apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyekwisha kupoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na aliyeshushwa na glibenklamidi asiachwe peke yake akishapata nafuu, maana dawa hiyo hukaa mwilini na sukari yaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Wapo wanaoacha kupima mchana kwa kuogopa kwamba tone la damu ya kidole litabatilisha funga. Halibatilishi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilipitisha kwamba damu inayotolewa kwa ajili ya vipimo haifunguzi, wala sindano za dawa za ngozini, za misuli au za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Insulini haimo katika za kulisha. Mtu akiacha kupima kwa ajili ya uvumi huu, amejinyima kitu pekee ambacho kingemjulisha mapema.

Baraza hilo hilo lilirudi kwenye suala la kisukari hasa mwaka 2009 katika mji wa Sharjah, likiwa na ripoti za madaktari mbele yake. Liliwagawa wagonjwa katika makundi manne kwa kadiri ya hatari. Makundi mawili ya juu yanawakusanya, miongoni mwa wengine, waliopata kushuka au kupanda kwa sukari kwa hatari katika miezi mitatu iliyotangulia Ramadhani, wajawazito wenye kisukari, wanaosafishwa damu kwa maradhi ya figo, na wazee wenye maradhi mengine. Kwa makundi haya mawili baraza halikusema kwamba wana hiari. Lilisema kisheria wafungue na haifai kwao kufunga. Makundi mawili ya chini, ambao sukari yao imetulia, hawakuruhusiwa kula kwa jina la ugonjwa tu.

Tunaomba msomaji aisome vizuri sehemu hii ya mwisho, kwani iko pia hatari ya upande wa pili. Si kila aliyeambiwa ana kisukari amepata tiketi ya kula mchana. Tangu mwaka 2009 elimu imeongezeka, dawa zimeongezeka, na mwongozo wa mwaka 2021 unampa kila mgonjwa alama kwa kutazama aina ya kisukari chake, muda alioishi nacho, dawa anazotumia, kazi afanyayo, hali ya figo, moyo na mishipa yake, na jinsi Ramadhani iliyopita ilivyokwenda. Kutokana na hapo daktari anajua nani afunge, nani asifunge, na nani ajaribu chini ya uangalizi.

Hapo ndipo miezi 11 mingine inapoingia. Mtu ambaye hajapimwa figo mwaka mzima, hajaangaliwa macho, wala hajui wastani wa sukari yake wa miezi mitatu iliyopita, atapewaje alama? Hata miguu. Sisi ambao tunatawadha mara tano kwa siku tungepaswa kuwa watu wa kwanza duniani kukiona kidonda cha mguu, kwa kuwa kisukari huua hisia za nyayo na mgonjwa hukanyaga msumari asijue. Lakini tunamwaga maji bila ya kutazama, tunaingia msikitini na vidole vibichi. Inatosha kutazama unyayo kila unapotawadha, kukausha kati ya vidole, na kumwonesha daktari lengelenge siku lilipotokea, kabla halijawa jambo la kukatwa.

Tuje kwenye meza ya futari, ambayo tunaiogopa karibu sawa na njaa yenyewe. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, viazi vitamu, magimbi, tambi za sukari, kaimati zilizozama kwenye shira, na juu yake sharubati. Karibu vyote ni wanga, sukari na tui. Mgonjwa ambaye saa kumi na mbili sukari yake ilikuwa chini, saa mbili usiku iko juu mno, na kwa kuwa mchana hakunywa maji mwili wake umekauka. Hatusemi akina mama waache kupika futari, nani angetusikiliza? Tunasema tende moja au mbili na maji, kisha swala, kisha sahani moja yenye kipande kimoja cha wanga, samaki au kunde, na mboga za majani, na sharubati iachiwe watoto. Daku naye asiliache. Sunna ya kuchelewesha daku na kuharakisha kufuturu inamfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, kwa sababu inaufupisha muda wa kukaa bila ya chakula.

Kuhusu aibu, tunawakumbusha wenzetu hadithi ya Anas (RA) iliyomo katika Sahihi mbili. Masahaba walikuwa safarini siku ya joto kali, baadhi wamefunga na baadhi wamekula. Waliofunga walichoka wakaanguka, na waliokula wakasimama, wakapiga mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (SAW) akaeleza kwamba siku hiyo waliokula ndio walioondoka na ujira. Katika riwaya nyingine ya Anas, masahaba waliokuwa wakisafiri pamoja naye walikuwa hawalaumiani, aliyefunga hamtii ila aliyekula wala aliyekula hamtii ila aliyefunga. Ikiwa hao hawakulaumiana, sisi tumepata wapi mamlaka ya kumkodolea macho mama anayekunywa uji nyumbani kwake? Aya za 184 na 185 za Suratul-Baqara zimemtaja mgonjwa kwa jina la hali yake, zikampa hesabu ya siku nyingine, na zikaeleza kuwa Mola anatutakia wepesi. Anayetarajia kupona au kutulia atalipa siku nyingine. Yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kumwachia nafasi atatoa fidia, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kibaba kimoja cha chakula cha mahali hapo kwa masikini, kwa kila siku.

Madaktari nao tuna neno nao. Wako wanaomwambia mgonjwa "usifunge" na kumwita anayefuata, bila ya kumsikiliza. Mgonjwa huyo hufunga kwa siri, na mbaya zaidi humeza dawa zilezile kwa saa zilezile. Angeulizwa kwa upole kama ana nia ya kufunga, angesema, na dawa zingepangwa upya au kubadilishwa. Na maimamu wetu wasingoje usiku wa kuandama mwezi. Madaktari wanataka mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, yaani ndani ya nusu ya kwanza ya Rajabu. Khutba moja ya Ijumaa katika siku hizo, na muuguzi mmoja wa kliniki ya kisukari akaribishwe msikitini baada ya swala, upande wa wanaume na upande wa wanawake, vingefanya kazi ambayo makala hii haiwezi.

Atakayekwenda kliniki achukue daftari lake la vipimo, dawa zake zote zikiwamo za mitishamba anazozificha, na mtu mmoja wa nyumbani atakayekuwa naye saa kumi jioni. Amweleze daktari Ramadhani iliyopita ilikuwaje, ikiwa ni pamoja na siku zile alizotetemeka na kunyamaza.