Gari Lililobadilika Usiku Lisiaminiwe Asubuhi

Tarehe 23 Oktoba 2021 kampuni ya Tesla ya Marekani, iundayo magari yaendeshwayo kwa nguvu za umeme, ilipeleka programu mpya katika baadhi ya magari ya wateja wake. Hapakuwa na gari lililoingia gereji, wala fundi aliyeshika spana. Programu hiyo, iliyopewa namba 10.3, ilisafiri kwa intaneti, ikaingia katika kompyuta za magari hayo yakiwa yamesimama. Waliopelekewa walikuwa wenye magari wa kawaida, waliokubali kuijaribu katika barabara zitumiwazo na watu wote. Wakaketi mbele ya usukani uleule waliouzoea, na muda si muda baadhi yao wakasikia king'ora cha kuonya kwamba gari linakaribia kugonga, hali mbele yao hapakuwa na kitu cha kugongwa. Katika baadhi ya magari breki za dharura zilijikamata zenyewe.

Aliyepata kuendesha gari katika barabara kuu hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Gari lililo mbele likifunga breki ghafla pasipo sababu, dereva wa lori alifuataye nyuma hana nafasi ya kuuliza kulikoni. Katika viti vya nyuma huenda wamo watoto wanaopelekwa shule.

Kampuni haikukawia. Katika muda wa saa chache ilisitisha kuipeleka programu hiyo, ikazima king'ora na breki za dharura katika magari yaliyokuwa yamekwisha kudhurika, na baada ya siku mbili ilitoa programu nyingine, namba 10.3.1, ya kuponya kosa la kwanza. Magari yaliyotajwa katika taarifa rasmi iliyopelekwa serikalini yalikuwa 11,704. Kampuni ilieleza kuwa haikupata habari ya ajali wala ya mtu kuumia kwa ajili ya kosa hilo.

Chanzo chake chastahili kuelezwa kwa kituo, maana kinafundisha mengi. Magari hayo yana hali iitwayo ya ulinzi, ambayo gari likiachwa nje halilali usingizi kamili, bali kamera zake hubaki macho kuangalia wapitao. Kompyuta imsaidiayo dereva ina chipu mbili zipasazo kuzungumza daima. Gari lenye programu 10.3 lilipoamshwa kutoka katika hali hiyo ya ulinzi, mazungumzo ya chipu hizo yaliweza kukatika. Hapo hesabu za picha zilikwenda kwa kusitasita, na kompyuta ikadhani kwamba magari ya jirani yalikuwa yakirudi kinyume kulielekea gari lenyewe; ndipo ilipopiga king'ora na kukamata breki. Askari yeyote ataielewa habari hii upesi: ni kama mlinzi aliyekesha zamu ya usiku, kisha akapangwa zamu ya asubuhi bila kupumzika, akaona adui katika kila kichaka.

Basi mwenye gari la namna hii akiona asubuhi kwamba mitambo ya kumsaidia dereva haifanyi kazi kama jana, asianze kwa kuogopa wala kwa kukasirika. Aanze kwa kuuliza ni kitu gani kilichobadilika. Gari huonyesha katika skrini yake namba ya programu iliyomo, pamoja na maelezo mafupi ya mambo mapya yaliyoletwa. Wengi huyapita maelezo hayo kama vile mtu apitavyo tangazo lililobandikwa ukutani, kisha hushangaa gari linapolia kwa sauti wasiyoijua au linapokataa kukaza mwendo mahali lilipokuwa likikaza. Mara nyingine hilo halikuwa kosa hata kidogo, bali ni amri mpya. Yafaa kuwe na daftari dogo ndani ya gari, iandikwe tarehe, namba ya programu na jambo lililoonekana. Daftari la namna hiyo ni kitu cha kawaida katika magari ya jeshi na polisi. Sijambo la kuonea haya kuwa nalo nyumbani.

Katika nyumba nyingi gari moja huendeshwa na watu wawili, na hapa ndipo penye hatari ambayo watu hawaifikirii. Mume huona ujumbe jioni kwamba programu mpya iko tayari, hugusa kitufe cha kukubali, kisha huenda kulala. Alfajiri mke hutoka na gari akiwa hana habari. Amwambie usiku uleule. Kadhalika wote wawili wakumbuke kwamba baadhi ya mapendeleo hutunzwa kwa jina la kila dereva, hivyo aliyerekebisha upande wake asidhani kuwa amemrekebishia na mwenziwe. Kila mmoja na aketi katika kiti cha dereva, afungue ukurasa wa mitambo hiyo katika skrini, na kutazama kama onyo la kugongana, breki za dharura na ulinzi wa mstari wa barabara vimewashwa kama alivyoviacha.

Baada ya hayo, zitazamwe kamera. Gari hilo huiona barabara kwa kamera zilizowekwa nyuma ya kioo cha mbele, ubavuni na nyuma. Tope kavu, ukungu, mdudu aliyepondeka, hata utando mwembamba wa mafuta unaotanda upande wa ndani wa kioo, huweza kuipofusha kamera. Lawama ikawekwa juu ya programu kwa kuwa tu iliingia siku ileile! Kitambaa laini chenye unyevu kimeokoa safari nyingi za gereji. Jua la asubuhi linalopiga kamera uso kwa uso huleta ujumbe uleule wa kutoona, na dawa yake ni kungoja jua lipande.

Ikiwa kamera ni safi na gari lingali likisema kwamba msaada haupatikani, huenda kamera zinajipima upya. Hilo hutokea gari likiwa jipya, kamera ikibadilishwa, kioo cha mbele kikiwekwa kingine, au vipimo vya zamani vikifutwa. Kitabu cha mwenye gari cha Tesla chaeleza kwamba kazi hiyo kwa kawaida humalizika baada ya mwendo wa kilomita 32 hadi 40, na humalizika upesi zaidi katika barabara iliyonyooka yenye mistari inayoonekana vizuri. Gari lizungukalo mtaani tu kwenda sokoni na kurudi laweza kukaa siku kadhaa bila kujipima sawasawa. Lakini likipita kilomita 160 na bado halijamaliza, hapo subira haina kazi tena, liagiziwe fundi.

Yapo makosa yaponywayo kwa kuizima kompyuta na kuiwasha upya, nayo si machache. Gari lisimamishwe mahali pa salama na liwekwe katika hali ya kuegesha. Vibonyezo viwili vya kuzungusha vilivyo kwenye usukani vishikwe kwa pamoja mpaka skrini iwe nyeusi, kisha dereva angoje alama ya kampuni irudi. Isipofaa, iko njia ya kulizima gari zima kwa kupitia ukurasa wa usalama katika skrini. Hapo dereva aketi kimya kwa dakika mbili au zaidi, asiguse breki wala kufungua mlango, maana akigusa gari huamka kabla ya kupumzika. Wengi hushindwa hapa, si kwa sababu ya gari, bali kwa sababu mtoto amefungua mlango. Jambo hili lisijaribiwe kamwe gari likiwa katika mwendo.

Hata hivyo kuzima na kuwasha kusigeuzwe kuwa uganga. Mwezi wa Januari 2025 Tesla ilitangaza kuwa magari 239,382 ya miaka ya 2023 hadi 2025 yalikuwa na hatari ya kupoteza picha ya kamera ya nyuma, kwa kuwa bamba la kompyuta liliweza kuungua kwa umeme wakati gari linapowashwa. Kampuni ilipeleka programu mpya kubadili utaratibu wa kuwasha ili bamba lisiungue. Lakini kompyuta iliyokwisha kuungua haikuweza kuponywa na programu yoyote, ilipasa kubadilishwa. Dalili ya ugonjwa wa namna hii ni kwamba kamera kadhaa hutoweka kwa pamoja, hazirudi hata gari likizimwa mara mbili. Mwenye gari atakayeendelea kuzima na kuwasha juma zima anapoteza wakati wake, na kila arudipo nyuma kutoka katika ua wake anategemea vioo vya pembeni na shingo yake mwenyewe. Ni vizuri shingo hiyo isiache mazoezi hata kamera zikiwa nzima.

Gari likisharudi katika hali ya kuridhisha, lipimwe kabla ya kupewa watoto. Dereva atoke peke yake mchana, katika barabara nyoofu isiyo na msongamano, mikono ikiwa juu ya usukani. Awashe msaada mmoja, autazame, kisha mwingine. Ahakikishe kwamba akikanyaga breki msaada wa kushika mwendo unaachia mara moja. Aangalie pia kioo cha nyuma kabla ya kuuwasha, kwa kuwa jambo lililolalamikiwa sana katika magari hayo ni breki za mzuka. Mwezi wa Februari 2022 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo usalama wa barabara kuu, iitwayo kwa kifupi NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya magari yapatayo 416,000 ya Tesla ya Model 3 na Model Y baada ya kupokea malalamiko 354 katika miezi 9 kwamba magari hupunguza mwendo ghafla bila kizuizi chochote mbele. Likitokea hilo, dereva akanyage pedali ya mwendo (watu wangali wakiiita ya mafuta, ingawa mafuta hayamo) na gari litamtii yeye. Kisha auzime msaada huo kwa safari iliyobaki. Breki za dharura zenyewe ni jambo jingine. Hizo huwashwa upya kila safari, nazo si vizuri kuzizima kwa sababu ya hasira ya siku moja.

Wapo waliokata shauri la kukataa programu mpya zote baada ya kupatwa na mkasa mmoja. Fikira hiyo yaeleweka, lakini si sahihi. Dawa huja kwa njia ileile iliyoleta ugonjwa. Wale wa Oktoba 2021 wangekataa 10.3.1 wangebaki bila breki za dharura. Tena kampuni haimruhusu mwenye gari kurudi katika programu ya zamani, kwa hiyo akikubali amekubali. Alilo nalo ni uchaguzi wa wakati. Asikubali usiku wa kuamkia safari ndefu, wala siku mgonjwa anapotazamiwa kupelekwa hospitali, kwa sababu gari haliendi wakati programu inawekwa. Jioni ya siku asiyokwenda kazini kesho yake yafaa zaidi.

Tena si kila dawa huponya. Mwezi wa Desemba 2023 Tesla ilitangaza kuwa magari zaidi ya 2,000,000 yatapelekewa programu ya kuongeza maonyo kwa madereva walioacha kuangalia barabara wakati gari linajishikia usukani. Mwezi wa Aprili 2024 NHTSA ilifungua uchunguzi mwingine kutazama kama dawa hiyo ilitosha, maana ajali zilikuwa zimeendelea kutokea hata katika magari yaliyokwisha kuipokea. Mitambo hii yote, kwa kipimo cha wahandisi chenye daraja sifuri hadi tano, imo katika daraja la pili. Maana ya daraja hilo ni kwamba gari husaidia usukani na mwendo, lakini anayeendesha ni dereva, na dereva ndiye atakayehojiwa na polisi. Maonyo yakiongezeka baada ya programu mpya, asitafute hila ya kuyanyamazisha kwa kuning'iniza uzito kwenye usukani, kama walivyopata kufanya baadhi ya watu.

Kosa likibaki baada ya kusafisha, kungoja na kuwasha upya, liripotiwe kwa maandishi. Fundi akiambiwa tu kwamba gari lina wazimu hatapata pa kuanzia. Aambiwe siku, saa na dakika, barabara gani, mwendo wa kilomita ngapi, jua lilikuwa upande gani, gari lilikuwa katika hali ya ulinzi usiku huo au la, na namba ya programu kama ilivyo katika skrini. Kwa habari hizo aweza kuitafuta kumbukumbu ya tukio hilo katika kompyuta ya gari. Aliyeko Marekani aweza pia kupeleka malalamiko yake kwa NHTSA, na kwa kutumia namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17 aweza kutazama kama gari lake limetangazwa kuwa na kosa. Namba hiyo husomeka kwa kupitia kioo cha mbele, chini upande wa dereva. Iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari.