Ngome, Magofu au Ohinga? Maoni Kuhusu Jina la Mawe ya Thimlich

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Sisi tunaosoma Kiswahili twaweza kuongeza kuwa jina lisilofaa huleta giza hata mahali penye mwanga. Haya sikuyajifunza darasani. Niliyajifunza kwenye mteremko wa kilima kimoja katika kaunti ya Migori, mahali nilipopazoea tangu utotoni, kabla sijajua kwamba wataalamu hufunga safari kuja kupaona.

Mimi ni mzaliwa wa mjini. Kila likizo ya Desemba mama alitupeleka kwao, nasi tukakabidhiwa kwa mjomba, kaka yake mkubwa. Kidholuo changu kilikuwa cha salamu tu, na binamu zangu hawakukosa kunicheka. Njia yetu ya kwenda machungani ilipita kando ya kuta za mawe zilizojificha katikati ya miti. Mjomba aliinama kupita kwenye lango dogo. Sisi watoto tulipita wima, tukajiona washindi. Mwambani palikuwa na vijishimo vya bao, mchezo ambao binamu zangu waliuita ajua, nami nilishindwa kila siku. Mahali penyewe walipaita ohinga, basi. Hakuna aliyenieleza maana yake, wala sikuuliza.

Miaka ikapita. Mwaka 2018 Thimlich Ohinga ikaingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Nilisoma habari hiyo kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba kigoda cha nyanya yake ni cha dhahabu. Nilipotakiwa chuoni kuandika insha ya kueleza mahali pa kihistoria, sikusita. Niliandika rasimu nikiwa Nairobi, nikapaita "ngome ya kale", kisha nikafunga safari ili nihakiki niliyoyaandika.

Aghalabu mtu akirudi alikocheza utotoni huona vitu vimepungua. Kuta za Thimlich hazikupungua. Zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita 1 hadi 3. Waliozijenga, pengine katika karne ya 16, hawakutumia udongo wala chokaa kuyashikanisha mawe. Walipanga uso wa nje na uso wa ndani, wakajaza mawe madogo katikati, na mawe yasiyochongwa yakashikana kwa ustadi wa kupangwa tu. Eneo zima lina maboma manne makubwa, nayo ni Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Humo mna mabaki ya nyumba, mazizi ya mifugo na mahali pa wahunzi. Safari hii niliinama langoni kama mjomba.

Jioni nilimsomea rasimu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, ngome ni nini?" Nikamjibu kuwa ni jengo la kujikinga na adui. Akatikisa kichwa. "Hilo ni la askari. Askari akimaliza zamu huenda kwake. Hapa watu walikuwa kwao. Walipika hapa, wakazaa hapa, ng'ombe wao wakalala hapa." Sikuwa na la kusema.

Ndugu msomaji, swali la mzee huyo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Si kwamba neno "ngome" ni la uongo, kwa kuwa kuta hizo ziliwakinga watu na mifugo. Lakini Mkenya akisikia "ngome" huona Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, pamoja na mizinga yake. Tukisema "kasri" tunamwonyesha mfalme ambaye hatuna ushahidi wake. Tukisema "magofu" tunatangaza kwamba mahali pamekufa, ilhali Thimlich imekuwa ikitunzwa na kutengenezwa na vizazi vingi. "Boma" ndilo linalokaribia zaidi, lakini ni neno pana mno. Ua wa miiba ni boma, na afisi ya mkoloni iliitwa boma vilevile.

Majina ya mahali kama hapa si jambo la mapambo. Tuchukue mfano wa Gedi, karibu na Malindi. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mji huo mwaka 1948, alichapisha mwaka 1954 kitabu ambacho jina lake liliutaja kuwa mji wa Waarabu. Watafiti waliofuata wamebainisha kuwa ulikuwa mji wa Waswahili, na mwaka 2024 Gedi nayo ikaingizwa katika orodha ile ya UNESCO. Hata hivyo, wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuamini walichoambiwa na jalada la kitabu. Anayetoa jina huamua mwenye mali.

Kwa hivyo, maoni yangu ni kwamba Kiswahili kilipokee neno "ohinga" lilivyo, liingie katika kamusi zetu na vitabu vya shule. Napendekeza kidahizo hiki: ohinga nm [i-/zi-] boma la kale la kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, lililotumiwa kwa makazi na ulinzi katika eneo la Ziwa Viktoria. Tutasema ohinga hii, ohinga hizi. Wingi wa Kidholuo, ohingni, tuuachie Kidholuo.

Najua wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba tunakivuruga Kiswahili kwa maneno ya makabila. Hao nawauliza: "ikulu" lilitoka wapi, kama si katika lugha za bara la Tanzania, ambako lilikuwa makazi ya mtemi? Na "ngeli", neno tunalolitamka katika kila kipindi cha sarufi, je, halikutoka Kihaya? Tena tazameni Zimbabwe. Jina hilo la Kishona hufasiriwa kuwa nyumba za mawe, na kuta zenyewe zilijengwa bila chokaa kama zetu. Mwaka 1980 nchi huru ikajiita kwa jina hilo, na hakuna Mswahili aliyelitafsiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yasemekana kwamba walioanza kujenga Thimlich huenda hawakuwa Wajaluo. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana mahali hapo kwa nyakati mbalimbali. Basi kwa nini tuchukue neno la Kidholuo? Nimelitafakari jambo hili sana. Jibu langu ni kwamba kila jamii iliyofika ilizikuta kuta, ikazitengeneza, ikakaa humo badala ya kuzibomoa. Waliokuwa wa mwisho ndio waliotuhifadhia jina, na jina lenyewe, Thimlich, hufasiriwa kuwa msitu wa kuogofya. Kulitumia neno lao si kuwanyang'anya waliotangulia. Kiswahili nacho ni nyumba ya namna hiyo hiyo: wengi wameijenga, na hatumwulizi kila aingiaye kabila lake.

Fauka ya hayo, kuna dharura. Ohinga si moja. Zipo mamia katika eneo la ziwa, nyingi zikiwa ndogo, na mawe ya baadhi yake yamechukuliwa kujengea nyumba na zizi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuchukua jiwe kutoka kwenye rundo lisilo na jina. Lakini mtoto aliyelikuta neno hilo katika kitabu chake cha darasa la tano, lenye ngeli na maana, huenda akamwambia baba yake, "Hii ni ohinga."

Shime, wanachama wenzangu! Likizo ijayo kila mmoja wetu arudi kwao na daftari. Awaulize wazee jina la mahali alipopitia akiwa mtoto bila kuuliza, alete neno hilo katika kikao chetu, tulijadili na kulitafutia ngeli. Mimi nimeirudisha insha yangu nikiwa nimefuta "ngome" mahali pote. Mhadhiri wangu alipigia mstari mwekundu "ohinga" mara tatu na kuandika pembeni: "Neno hili halimo katika kamusi." Ni kweli. Hiyo ndiyo sababu nimeandika makala haya.