Arbuni ya Chawia si arbuni ya London

Meli kubwa ya watalii inapotia nanga katika bandari ya Mombasa, baadhi ya abiria wake huamka alfajiri, wakapanda magari na kuelekea bara, mwendo wa takriban kilomita 150 hadi Voi, kwenda kuwatazama ndovu wekundu wa Tsavo Mashariki. Wengine hupitia Mwatate hadi hifadhi ya wanyama iliyoko chini ya vilima vya Taita. Jioni hurejea melini. Kwa mkazi wa Chawia, anayeitazama nyika hiyo kutoka juu kilimani, safari za namna hii zaweza kuonekana kuwa starehe ya watu wa mbali isiyomhusu.

Ukweli ni kwamba zinamhusu kwa njia mbili. Kwanza, ndizo zinazowapa riziki baadhi ya vijana wa Mwatate na Voi walio madereva, wapishi na waongoza watalii, pamoja na wakulima wa mboga ambao soko lao hufika hadi jikoni mwa hoteli za mbugani. Pili, Mkenya wa kipato cha wastani naye siku hizi ni mnunuzi. Matangazo ya safari za meli katika bahari ya Mediterania au Ghuba humfikia kwa simu ya mkononi, na kwa simu hiyo hiyo hualikwa kulipa arbuni leo na kumaliza salio kidogo kidogo.

Hata hivyo, bei inayotangazwa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni masharti, yaani nani atakayebeba hasara safari ikivunjika. Ni katika nusu hii ya pili ambapo mnunuzi wa Chawia na mwenzake wa London, wakilala katika vyumba vinavyopakana vya meli moja, huwa wamenunua bidhaa mbili tofauti kabisa.

Bei na mizani yake

Kampuni nyingi za meli za watalii huigawa dunia katika masoko, na kila soko hupangiwa bei yake, sarafu yake na masharti yake. Jambo hilo lenyewe si dhambi. Kenya pia hutoza kwa kuangalia pasipoti: kwa miaka kadhaa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2025, mgeni kutoka ng'ambo alilipa dola 52 kuingia Tsavo, ilhali mwananchi alilipa takriban shilingi 500. Tofauti ni kwamba viwango vya mbugani hutangazwa hadharani, na kila mtu huviona kabla ya kufungua pochi.

Katika biashara ya meli mambo hayako wazi kiasi hicho. Nchini Marekani, kwa miaka mingi tangazo lilionyesha nauli tupu, na kodi na ada za bandari zikajitokeza wakati wa kulipa. Ni sheria ya jimbo la California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, iliyozisukuma kampuni kubwa kutangaza bei iliyojumuisha ada hizo. Bahashishi ya wahudumu bado huwa pembeni. Katika meli nyingi za soko hilo hutozwa kati ya dola 15 na 20 kwa kila abiria kwa siku. Kwa hiyo mume na mke wanaosafiri siku saba huongezewa dola 210 hadi 280 ambazo hawakuziona katika tangazo. Baadhi ya kampuni zinazouza kwa Waingereza hujumuisha bahashishi katika bei. Anayelinganisha tarakimu mbili bila kujua hayo hulinganisha embe na fenesi.

Mkenya huongeza mizigo mingine juu ya mizani. Akitaka kupanda meli Barcelona au Genoa, sharti aombe visa ya Schengen, ambayo ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90, na ada hiyo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Mzungu anayekuja Mombasa hahitaji visa. Tangu Januari 2024, wageni wengi hulipia kibali cha kusafiri cha mtandaoni, ambacho ada yake ilianzia dola 30. Jambo linalouma zaidi ni kwamba masharti ya kawaida ya uuzaji huihesabu visa iliyokataliwa kuwa tatizo la abiria. Balozi ikisema hapana, arbuni huweza kupotea.

Kisha kuna thamani ya sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 124 na mwaka mmoja baadaye ilifika shilingi 160. Mtu aliyeahidi safari ya dola 2,000 akidhani atalipa shilingi 248,000 angejikuta akidaiwa shilingi 320,000 iwapo angengoja hadi mwisho kulipa. Ongezeko hilo la shilingi 72,000, karibu asilimia 29, lingekuwa lake peke yake.

Sheria inayoilinda arbuni

Barani Ulaya, ongezeko la namna hiyo lina mpaka. Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu safari za jumla, lililopitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Julai 2018, linaruhusu bei kupandishwa kwa sababu chache tu, zikiwemo mafuta, kodi na thamani ya fedha, na si ndani ya siku 20 za mwisho kabla ya kuondoka. Ongezeko likizidi asilimia 8, msafiri anaweza kujitoa bila adhabu. Mwandalizi akiifuta safari, fedha hurudishwa ndani ya siku 14. Uingereza, ijapokuwa ilijitoa katika Umoja huo mwaka 2020, imebaki na kanuni zake za 2018 zinazofanana na hizo.

Muhimu zaidi ni kwamba muuzaji hulazimika kuweka dhamana ya kulipia wateja iwapo atafilisika. Uingereza imekuwa na mpango wa ATOL kwa safari zenye ndege tangu mwaka 1973, na kwa miaka mingi mchango unaotozwa kwa kila msafiri umekuwa pauni 2.50. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, Waingereza zaidi ya 140,000 walirejeshwa nyumbani chini ya usimamizi wa serikali. Huko Ujerumani, dhamana ya bima kwa anguko hilo hilo haikutosha, na serikali ikalazimika kuziba pengo. Nchi hiyo ilijifunza. Ilianzisha mfuko maalumu mwaka 2021, na ni mfuko huo uliowahudumia wateja wa kampuni ya FTI ilipofilisika Juni 2024. Aidha, mahakama kuu ya rufani ya Ujerumani iliamua mwaka 2014 kwamba arbuni inayozidi asilimia 20 ya bei lazima muuzaji aitolee sababu.

Marekani ina njia yake. Sheria ya mwaka 1966 huzitaka meli zenye nafasi za kulala abiria 50 au zaidi, zinazopakia watu katika bandari za nchi hiyo, kuonyesha uwezo wa kurudisha nauli. Tangu 2022, abiria anaweza kudai fedha zake meli ikichelewa kuondoka kwa siku tatu au zaidi. Lakini kinga hiyo huishia kwenye gati za Marekani na haimfuati anayepandia Cape Town au Mauritius. Tena, mwaka 1991, katika kesi ya Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba maneno madogo yaliyochapishwa kwenye tiketi yanaweza kumlazimisha abiria wa jimbo la Washington kupeleka kesi yake Florida, upande wa pili wa nchi. Ikiwa Mmarekani alifungwa na maneno hayo, Mtaita anayebofya neno "nakubali" kwenye simu hana budi kutafakari.

Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari za kutosha na kufidiwa. Ipo Sheria ya Utalii ya 2011 na ipo ya kuwalinda watumiaji ya 2012. Kinachopungua ni kinga inayofanya kazi yenyewe, bila mteja kukimbilia mahakamani. Waandalizi wa safari walio wanachama wa chama cha KATO wana mpango wao wa dhamana, lakini uanachama ni wa hiari, na wakala anayefungua ofisi ya chumba kimoja na ukurasa wa mtandaoni anaweza kukusanya arbuni za watu bila mteja kujua zimewekwa wapi.

Chukua mfano wa chama cha akina mama kumi wa Chawia wanaochanga shilingi 20,000 kila mmoja kama arbuni ya safari. Wakala akifunga ofisi, shilingi 200,000 zimekwenda. Mama hao wanaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wanaweza hata kushinda. Lakini hukumu dhidi ya mtu asiye na mali ni karatasi tu, ilhali Mwingereza aliyenunua safari yenye kinga hahitaji kumtafuta aliyetoroka. Dhamana humlipa.

Hasara humwangukia nani

Ipo pia upande wa muuzaji wa mwisho, anayesahaulika zaidi. Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipowatahadharisha raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima mjini Mombasa kwa sababu za usalama, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarejesha wateja wao nyumbani na kufuta ndege za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Wateja walilindwa na sheria ya kwao. Hoteli za Pwani zilifunga na wafanyakazi wakaachishwa kazi, na magari yaliyozoea kupeleka watalii Tsavo yakalala. Hakuna sheria iliyomrudishia dereva siku zake.

Baharini, hali ilikuwa hivyo hivyo enzi za maharamia. Meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa karibu na Somalia Novemba 2005 ikiwa njiani kuja Mombasa, na MSC Melody ikashambuliwa Aprili 2009 kaskazini mwa Ushelisheli. Meli za watalii zikapungua katika maji haya kwa miaka. Mikataba ya abiria humpa nahodha mamlaka ya kuiruka bandari akiona hatari, na hilo ni jambo la busara. Abiria aliyelipia matembezi ya Tsavo kupitia meli hurudishiwa fedha. Mwenye gari la kukodi aliyekwisha kujaza mafuta, na mwongoza watalii aliyekataa kazi nyingine siku hiyo, hutegemea mkataba ambao mara nyingi haukuandikwa.

Wako watakaosema kwamba kuwalazimisha mawakala kuweka dhamana kutawaua wadogo na kuwaachia soko wakubwa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa benki haiwezi kumpa wakala mchanga wa Voi dhamana ya mamilioni. Lakini mfano wa Uingereza unaonyesha njia nyingine: mchango mdogo kwa kila msafiri, unaowekwa katika mfuko wa pamoja. Shilingi mia chache juu ya safari ya laki mbili hazimfukuzi mteja. Zaidi ya hayo, mteja anayejua fedha zake ziko salama hununua bila hofu, na anayefaidika kwanza ni wakala mdogo asiye na jina kubwa. Mfuko huo huo, au mkataba ulioandikwa, ungeweza pia kumhakikishia mtoa huduma wa mwisho sehemu ya malipo safari inapofutwa ghafla.

Hadi siku hiyo itakapofika, mnunuzi hana budi kuwa mwanasheria wake mwenyewe. Na aulize kama bei imejumuisha ada na bahashishi. Kama imefungwa kwa shilingi au inaelea na dola. Kama arbuni hurudi visa ikikataliwa. Fedha zake zinawekwa wapi. Na akidai, atadai katika mahakama ya nchi gani. Wakala mwaminifu atajibu maswali hayo kwa maandishi. Asiyetaka kuyajibu amekwisha kujibu.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwingereza na Mjerumani wamejengewa ngama ya kurejea safari inapoharibika. Mkenya, awe mnunuzi au mwongoza watalii wa Taita, bado anasafiri bila hiyo, na bei aliyolipa haimwambii hivyo.