Daktari, andika na namna ya kuiacha

Kaka yangu alikata mkonge hapa Kabuku tangu ujana wake. Saratani ilipoingia mifupa ya nyonga, usiku alikuwa aking'ata shuka ili wanawe wasimsikie. Kilichomtuliza ni mofini ya maji: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo maradufu ili alale hadi kuche. Mimi ndiye niliyemnywesha kwa bomba la sindano, nikivuta dawa hadi kwenye mstari aliouchora muuguzi kwa kalamu.

Alipopigwa mionzi Dar es Salaam, maumivu yakapungua sana. Daktari kijana aliyemwona huku kwetu akafurahi naye: "Kama huumwi tena, acha dawa." Kesho yake kaka analowa jasho, makamasi yanamtoka, anaharisha, anatetemeka. Majirani wakanong'ona kwamba mzee amekuwa teja. Uongo! Mwili uliozoea dawa kwa miezi ulinyang'anywa kwa siku moja. Yule muuguzi akamrudishia, kisha akawa anapunguza kidogo kidogo, kila baada ya siku kadhaa, hadi akaacha kwa amani.

Nilimuuliza yule kijana alifundishwaje. Akasema anachokumbuka ni swali moja la mtihani.

Hapo ndipo penye kidonda. Daktari aliye mafunzoni amfuate mgonjwa mmoja tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Aandike na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Aulize chupa inafichwa wapi nyumbani, na iliyobaki inarudishwa kwa nani.

Woga wa madaktari kuandika mofini naujua. Marekani vidonge vya jamii ya mofini viligawiwa ovyo tangu miaka ya 1990, watu wakafa kwa maelfu. Lakini Uganda, tangu 2004, sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Nasi walimu tunao: Muhimbili wanatoa methadoni kwa walioathirika na heroini tangu 2011, na kupandisha na kushusha kipimo ndiyo kazi yao ya kila siku. Kwa nini vijana wetu wasipelekwe kukaa nao japo wiki mbili?

Yule kijana aliniomba karatasi ya muuguzi, ile yenye vipimo vinavyoshuka. Aliinakili amesimama, foleni ikimsubiri mlangoni.