Madawati Hayalipi Kodi ya Chumba

Kuna imani iliyoota mizizi kwa maofisa rasilimali watu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi: kampuni ikigawa madawati, ikapanda miti na kuchimba kisima, wafanyakazi wake watajivunia mwajiri wao, watajituma, na uzalishaji utapanda. Naikataa.

Simama alfajiri kwenye malango ya viwanda kandokando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Utawakuta vibarua wakisubiri kuitwa, wengine wakirudi kwenye mashine ileile miaka nenda miaka rudi, hawana mkataba wala mchango NSSF. Kibarua huyo akimwona bosi wake kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ameshika hundi ya mfano ndefu kama mlango, anaelewa jambo moja: kumbe pesa zipo.

Wanaotetea imani hii hutuonyesha tafiti kwamba kampuni zinazosaidia jamii zina wafanyakazi wenye ari. Sawa. Lakini kampuni yenye faida nono huweza kulipa vizuri na kuchangia pia. Utajuaje ari ile imeletwa na kisima au na mshahara?

Nguvu ya mshahara wenyewe ilishaonekana. Mwaka 1913 Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani, aliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu abaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kwa jinsi walivyokuwa wakiacha kazi. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya malipo ya awali, na saa 9 za kazi zikawa 8. Masharti yake yalikuwa ya kuudhi, kwani wakaguzi waliingia mpaka majumbani mwa watu. Hata hivyo watu walibaki kazini, na utoro ukapungua sana.

Linaloniuma zaidi ni kuwaita watu siku yao ya mapumziko, kuwavisha fulana za kampuni, kuwapiga picha wakishika miche, kisha Jumatatu asiyefika anaulizwa alikuwa wapi. Hapo hakuna kujitolea. Ni kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka saa ya kazi katika siku ya mapumziko ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi.

Shule zipewe madawati, sina ugomvi. Lakini mfanyakazi ashirikishwe: kwenye mashamba ya maua ya Kenya yenye cheti cha Fairtrade, kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi ndiyo inayoamua fedha ya ziada inayotoka kwa wanunuzi itumikeje. Huko mfanyakazi ana sauti. Kwingine, kabla ya hundi ijayo kusainiwa, bodi iletewe majina ya vibarua wa kudumu, michango ya NSSF isiyopelekwa na saa za ziada zisizolipwa. Deni hilo litangulie.